Kukatwa si Kukatika

Ukiingia soko la Kongowea, Mombasa, alfajiri kwa upande wa malori, unatembea umeinamisha kichwa. Si adabu, ni tope. Masika yakishapiga, ardhi ya pale huwa ni majani ya kabeji, maganda ya ndizi, maji ya samaki na udongo uliokandwa na matairi usiku kucha: viazi vimeshuka kutoka Kinangop, vitunguu kutoka Loitoktok, machungwa yamevuka mpaka wa Lunga Lunga yakangojea zamu yake kivukoni Likoni. Kuli akija na gunia mgongoni haombi radhi. Asema "Mzigo!" mara moja, na usipompisha utajijua. Kwa hivyo mtu aweza kupita pale mwaka mzima asiyaone matangazo yaliyobandikwa juu ya nguzo za umeme.

Siku niliyoinua macho nililiona moja lililokwisha kupigwa jua. Wino mwekundu na wa manjano ulikuwa umekwenda zake, ikabaki samawati peke yake, na sura ya mwanamke mwenye mtandio ikawa kama ya mtu anayetazama kutoka chini ya maji. Juu kumeandikwa AMEPOTEA. Chini nambari mbili za simu, moja imechanika katikati. Maelezo yalisema alitoka nyumbani kwa safari ya bara.

Chini ya nguzo ile kuna mama auzaye vitunguu, amevipanga mafungu mafungu juu ya gunia. Nikamuuliza kama yule mtu alionekana. Hakuinua kichwa, aliendelea kumenya maganda makavu.

"Mwanangu," akasema, "mtu mzima hapotei. Mbuzi ndiye apoteaye. Mtu hupotezwa."

Sarufi yake sijui aliisomea wapi, lakini nilirudi nyumbani na kitenzi kile kama mtu aliyekanyaga mwiba. Sisi watu wa Pwani tumeshalizoea neno "kupotezwa". Miaka zaidi ya kumi sasa ndilo tulitumialo kwa wale waliochukuliwa mbele ya msikiti, au waliotiwa kwenye gari lisilo na nambari, wasionekane tena. Yule mama alilipanua. Alikuwa akisema kwamba palipo na mtu asiyeonekana pana mtendaji, na kwamba tangazo lile juu ya nguzo, pamoja na uchungu wa walioliandika, lilikuwa limemwacha mtendaji nje.

Kila aliyelelewa katika nyumba ya Waswahili amewahi kusimama mbele ya vipande vya glasi na kusema, "Mama, glasi imevunjika." Hakuna mtoto asemaye ameivunja. Wala hakuna mama aliyewahi kudanganyika, lakini mtoto hujaribu, kwa sababu lugha imempa pango la kujifichia. Kitu kimevunjika, kimepasuka, kimeraruka, kimekatika: mtendaji hayumo ndani ya sentensi wala hayuko nje mlangoni. Badilisha mwisho wa kitenzi, sema kimevunjwa, kimekatwa, na papo hapo swali la "na nani?" laja lenyewe. Hulizuii hata ukitaka.

Kuna kesi moja ya Kenya ambayo kwa zaidi ya miaka 35 imening'inia juu ya tofauti hiyo, kati ya kukatwa na kukatika. Mwanamke aliyehusika hakuwa wa Kongowea, na mahali alipopotezwa ni mamia ya kilomita kutoka hapa. Lakini sijui kesi nyingine inayoonyesha waziwazi hivi jinsi kitenzi kinavyoweza kuzikwa, na gharama ya kukifukua.

Julie Ward alikuwa Mwingereza wa miaka 28 kutoka Bury St Edmunds, mji mdogo wa mkoa wa Suffolk. Alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya uchapishaji, na penzi lake lilikuwa kuwapiga picha wanyama. Mapema mwaka 1988 aliiacha kazi, akajiunga na wenzake katika lori la watalii, yale malori marefu yenye viti nyuma na ndoo zinazogongana ubavuni, wakalivuka bara la Afrika kwa barabara mpaka Kenya. Vijana wengi wa Ulaya walikuwa wakifanya hivyo siku zile. Wengi walirudi kwao na albamu za picha na malaria.

Septemba ni mwezi wa nyumbu Maasai Mara. Makundi makubwa yanakuwa yameingia kutoka Serengeti, na mtu mwenye kamera hawezi kukaa Nairobi na kuyaacha yapite. Tarehe 2 Septemba alikwenda huko na rafiki yake, Mwaustralia, kwa gari dogo aina ya Suzuki. Gari likawaharibikia. Rafiki akarudi Nairobi, yeye akabaki kungojea litengenezwe, akalala katika hoteli ya Mara Serena. Jumanne tarehe 6 gari likawa tayari. Akaondoka peke yake kwenda kambi ya Sand River, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, kuchukua mahema waliyokuwa wameyaacha. Kutoka hapo angeelekea Nairobi. Alasiri ile aliondoka Sand River, na hapo ndipo ushahidi wa walio hai unapokoma.

Getini kulikuwa na daftari la wageni, kama lilivyo katika kila geti la hifadhi. Unaandika jina, unaandika nambari ya gari, unatia saini. Katika daftari la Sand River saini ya kutokea ilikuwepo. Babake alipoiona alisema ule si mkono wa mwanawe, na saini ile ikawa miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa miaka na miaka. Nitarudi kwenye daftari.

Huyo baba, John Ward, alikuwa mwenye mahoteli. Aliposikia kwamba bintiye hajulikani aliko, hakuketi Uingereza kungojea simu. Alipanda ndege akaja, na alipofika akakodi ndege nyingine ndogo za kumtafuta mbugani. Jumanne tarehe 13, wiki moja kamili tangu siku ile, rubani akaliona gari limekwama korongoni, mbali na njia ambayo mtu anayerudi Nairobi angeipita. Juu ya paa palikuwa pameandikwa SOS kwa matope. Siku hiyo hiyo, kilomita kadhaa kutoka gari lilipokuwa, pakaonekana majivu ya moto, kipande cha mguu wa kushoto na sehemu ya taya. Mengine yalikuwa yameungua.

Maelezo ya wakubwa yalikuja upesi kuliko uchunguzi. Ni simba, walisema. Au wanyama wengine. Radi nayo ikatajwa, huenda ndiyo iliyowasha moto. Kamishna wa polisi wa wakati huo, Philip Kilonzo, hakutaka kusikia habari ya mauaji. Nimeisoma habari hii mara nyingi na kila mara nakwama mahali pale pale, penye majivu. Simba ana meno na makucha, hilo halina ubishi. Kiberiti hana.

Sasa tuingie katika chumba cha maiti, maana hapa ndipo kitenzi kilipozikwa. Mabaki yalichunguzwa na Dkt. Adel Shaker, mpasuaji maiti wa serikali. Aliandika alichokiona: mfupa ulikuwa umekatwa, tena kwa kitu chenye makali, mkato safi. Ripoti ikapanda ngazi mpaka kwa mkuu wake, Dkt. Jason Kaviti, mpasuaji maiti mkuu wa serikali. Iliporudi chini maneno yalikuwa mengine. Palipokuwa na mkato safi sasa palikuwa na mfupa uliopasuka, na nyama iliyoraruka. Kwa Kiingereza, lugha ambayo ripoti iliandikwa, ni maneno machache tu yaliyofutwa na kuandikwa juu yake. Kwa Kiswahili chetu ni -katwa iliyogeuzwa -katika.

Alipoulizwa baadaye, Kaviti hakukana kwamba alibadilisha. Alieleza kwamba alikuwa akisahihisha lugha, kwa kuwa Kiingereza cha mwenzake hakikuwa kizuri. Nilifundisha shule kwa miaka michache kabla ya kuingia katika uandishi, na nimesahihisha insha nyingi. Sijawahi kusahihisha insha mpaka panga likageuka simba.

Baba hakukubali. Aliyapeleka mabaki Uingereza, yakaangaliwa na Profesa Austin Gresham wa Cambridge, na jawabu likawa lile lile la Shaker: makali, mkono wa mtu, kisha moto. Mwaka 1989 ukafanywa uchunguzi wa mahakama Nairobi mbele ya hakimu Joseph Mango, na mnamo Oktoba akatamka kwamba Julie Ward alikuwa ameuawa. Mwaka mmoja na ushei ulikuwa umepita ili kauli ya kutendwa irudi mahali pake.

Sasa, kwa nini simba? Jawabu moja ni kwamba alikuwa amekwisha kutumiwa na akafaa. Mnamo tarehe 3 Januari 1980, huko Shaba, Joy Adamson, yule mwanamke aliyeupa ulimwengu kisa cha simba Elsa, alikutwa amekufa njiani karibu na kambi yake. Habari ya kwanza iliyouzunguka ulimwengu ilisema ameuawa na simba. Ilikuwa habari tamu mno kuachwa: mama wa simba auawa na simba. Walipomchunguza wakaona jeraha la kisu, na aliyekuwa mfanyakazi wake akahukumiwa. Kwa hivyo mwaka 1988, waliposema tena "simba", hawakuwa wakibuni. Walikuwa wakitoa kabatini nguo iliyokwisha kuvaliwa. Si ajabu kwamba John Ward alipoandika kitabu chake mwaka 1991 alikiita *The Animals Are Innocent*. Mtu anafiwa na mtoto halafu kazi yake ya kwanza inakuwa kuwatetea fisi.

Jawabu la pili tunalijua vizuri sisi wa huku, kwa sababu tunalila. Mwishoni mwa miaka ya 1980 utalii ulikuwa umeipita kahawa na chai kwa kuiletea Kenya fedha za kigeni. Kutoka Kongowea hadi hoteli za ufuo wa Nyali ni mwendo wa baiskeli. Nyanya zinazokatwa kwenye saladi ya mgeni zimepita kwanza kwenye kreti za hapa, zikahesabiwa na dalali wa hapa, na vijana wa Kisauni, Mlaleo na Bombolulu ndio wanaotandika vitanda. Mgeni aliyeliwa na mnyama ni mkasa wa porini, na pori ndilo lililomleta. Mgeni aliyekatwa na mtu ni tikiti za ndege zinazorudishwa. Sisemi kwamba kulikuwa na mkutano uliokaa ukaamua hivyo. Nasema kwamba kila aliyeishika kalamu alijua ni neno lipi lingeharibu msimu.

Lakini si Wakenya peke yao walioupinda ukweli, na hili husahauliwa kila hadithi hii inaposimuliwa huko ng'ambo. Miaka baadaye Jon Stoddart, afisa mkubwa wa polisi wa Lincolnshire, alipewa kazi ya kuangalia jinsi maafisa wa Uingereza wenyewe walivyoishughulikia kesi. Mwaka 2004 alipotoa ushahidi katika uchunguzi uliofanywa Ipswich, hakuwaficha. Alisema kulikuwa na kupingana kwa maneno na uongo wa wazi, na akaonyesha kwamba hakuwa akiwazungumzia polisi wa Kenya tu. Uchunguzi ule ulithibitisha kwamba Julie Ward aliuawa kinyume cha sheria. Balozi zina msimu wake na biashara zake pia.

Mahakama za Kenya nazo zilifanya kazi mara mbili. Mwaka 1992 walinzi wawili wa hifadhi walishtakiwa, na Jaji Fidahussein Abdullah akawaachilia, akisema ushahidi hautoshi na upelelezi ulikuwa na kasoro. Miaka ya mwisho ya tisini akashtakiwa aliyekuwa mkuu wa walinzi wa hifadhi. Hoja kubwa dhidi yake ilikuwa kwamba siku ya tarehe 13 aliyafikia mabaki kwa haraka mno, kana kwamba alijua anakwenda wapi. Yeye alisema aliongozwa na tai waliokuwa wakizunguka angani. Septemba 1999 naye akaachiliwa. Waliachiliwa na mahakama, na kwa hivyo majina yao sina haja nayo hapa. Kuna pia uvumi, ule wa watu wakubwa. Ninaujua, na wewe huenda unaujua, umesimuliwa kwenye matatu na kwenye vibaraza kwa miaka mingi. Uvumi hauna saini. Sitauandika.

Hesabu ya John Ward inatisha. Alikuja Kenya zaidi ya mara 100. Alitumia karibu pauni milioni 2 za mali yake. Alijifunza barabara za Mara, majina ya mageti, vyeo vya polisi na jinsi ya kusoma ripoti ya mpasuaji maiti neno kwa neno. Alifariki mwaka 2023, na mpaka siku hiyo hakuna aliyekuwa amehukumiwa. Alichopata kwa fedha hizo na miaka 35 hiyo ni kitenzi kimoja, "aliuawa", kilichoandikwa kwanza na hakimu wa Nairobi na kisha kule Ipswich. Mtendaji bado hana jina.

Nikikaa nikafikiri juu ya hilo, narudi chini ya nguzo ya Kongowea. Nani wa hapa ana ndege ya kukodi?

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza jirani yangu, mama wa makamo, katika kituo kimoja cha polisi ambacho sitakitaja. Mwanawe wa kiume alikuwa ametoka kwenda kazini na siku mbili zimepita. Kwanza tuliambiwa tungoje saa 24 zitimie. Zilikuwa zimetimia mara mbili, na hata zisingetimia, sharti hilo halimo katika sheria. Ni mazoea tu yaliyoota mizizi. Kisha afisa akaandika katika OB, kitabu cha matukio cha kituo, kwa mwandiko mzuri, nikasoma juu chini kutoka upande wetu wa meza. Alikuwa ameandika kwamba kijana aliondoka nyumbani kwa hiari yake. Mama hakuwa amesema hivyo. Alisema "katoka". Nikamwambia afisa kwa upole kwamba hiari haikutajwa. Akanitazama kama mtu anayemtazama inzi. "Kwani alivutwa?" Nambari ya OB tukapewa kwenye kipande cha karatasi kilichokatwa kutoka pembeni mwa gazeti. Kijana alipatikana siku ya nne, hospitali kule Voi, mguu umo kwenye plasta. Alikuwa utingo na alianguka kutoka juu ya lori. Tulimshukuru Mungu, tukapika pilau. Lakini lile neno "hiari" limebaki katika kile kitabu, na ningependa kujua ni mara ngapi limeandikwa kwa mtu ambaye hakupatikana.

Kongowea si mahali papya katika habari hizi. Ukitoka sokoni ukafuata barabara, unafika Kengeleni, na kengele yenyewe ingalipo kwenye njia panda. Ni ya Frere Town, mji wa wamisionari ulioanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Wengi walikuwa wametembea kutoka bara mpaka pwani, mwendo wa miezi, na wanawake walikuwa wengi. Huko walikotoka, kijijini, walikuwa ni watu waliopotea. Mama alikwenda kuteka maji hakurudi. Hapa Kengeleni walibatizwa, wakapewa majina mapya, na hata kama ndugu angekuja kuuliza, angeuliza jina ambalo hakuna aliyelijua tena. Siku hizi matatu zinaipita kengele ile mchana kutwa, kondakta anapiga bodi "Kengeleni, shuka!", na abiria wa kutazama dirishani ni wachache.

Na barabara hiyo hiyo, ukiifuata mbele kupita Bombolulu, Mtwapa na Kilifi, ndiyo iliyowachukua watu wa Shakahola. Hao hawakutekwa. Walipanda mabasi wenyewe, kutoka sehemu nyingi za nchi, wanawake wengi na watoto wao, wakiwa na mabegi na Biblia, wakaenda msituni nyuma ya Malindi kwa mhubiri mmoja. Jamaa zao walipiga simu zisizojibiwa. Aprili 2023 makaburi yakaanza kufukuliwa. Miili iliyotolewa ilipita 400, na meza ya Msalaba Mwekundu ikawa imeandikisha mamia ya watu wanaotafutwa. Neno lililoenea kwanza lilikuwa "wamejiua kwa kufunga". Kitenzi cha kujitendea, nacho kina starehe yake: aliyekufa ndiye mtendaji, na kesi imefungwa kabla ya kufunguliwa.

Safari hii, lakini, mpasuaji maiti mkuu wa serikali, Dkt. Johansen Oduor, alitoka nje akawaambia waandishi alichokiona. Wengi walikufa njaa, ndiyo. Wengine walinyongwa, wengine walizibwa pumzi, wengine walipigwa. Walinyongwa, walizibwa, walipigwa. Nilikuwa nikisikiliza redio ndani ya duka la vifaa vya ujenzi pale karibu na soko, na nakumbuka kwamba muuzaji aliacha kupima misumari. Kesi kadhaa zilizofuata zililetwa Mombasa. Ilipofika Machi 2024, familia za kwanza zilipoanza kukabidhiwa miili kwenye chumba cha maiti cha Malindi, ni miili 34 tu iliyokuwa imetambuliwa kwa DNA. Waliobaki, jamaa zao wangali wanasema "amepotea", na hawakosei, kwa sababu jina na mwili bado havijakutanishwa.

Wale wa gari lisilo na nambari nao wapo. Desemba 2016 shirika la Haki Africa la hapa Mombasa lilitoa ripoti yenye visa 81 vya Pwani kwa miaka minne, vya watu waliouawa au waliochukuliwa wakatoweka, na kichwa cha ripoti kilikuwa ni swali la tuwaambie nini jamaa zao. Waliochukuliwa karibu wote ni wanaume. Kwa hivyo waliobaki ni wanawake. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118A, yasema mtu asiposikika kwa miaka 7 na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake, yaweza kuchukuliwa kwamba amekufa. Miaka 7 ni mtoto aliyezaliwa siku ile na sasa yuko darasa la pili. Mke hajui kama akae eda au asikae. Kadhi humsikiliza, huuliza maswali, hutaka mashahidi. Nyumba ina jina la mume, akaunti ya benki ina jina la mume, na mume ni kitenzi kisicho na mtendaji. Mwaka 2007 Kenya ilitia saini mkataba wa kimataifa wa kuwalinda watu wasitoweshwe kwa nguvu. Saini ipo. Kuuridhia, bado.

Nilimuuliza yule mama wa vitunguu, siku nyingine, kama amewahi kusikia habari za Julie Ward. Alifikiri kidogo. "Yule mzungu wa simba?" akasema. "Yule hakuliwa na simba. Babake alikataa." Ndivyo alivyoihifadhi kesi nzima, mahakama, Cambridge, pauni milioni 2 na vyote, katika maneno mawili ya mwisho. Kisha akanipunja kitunguu kimoja katika fungu, nikamwona, akaona nimemwona, akakirudisha akicheka.

Jioni hiyo nilipita ofisi ya mabasi ya usiku kumkatia shemeji yangu tikiti. Ofisi ni kibanda cha bati chenye feni moja, dirisha la nyavu na kijana aliyevaa fulana ya timu ya Uingereza. Mbele yangu alikuwa mwanamke mwenye buibui na begi la magurudumu, anakwenda Busia, safari ya usiku kucha na mchana wake. Kijana alikuwa akiandika orodha ya abiria katika daftari la kurasa ndefu.

"Jina?"

Akalitaja. Kijana akaandika upesi upesi, herufi tatu na mstari mrefu wa kalamu, akawa anamtazama aliye nyuma.

"Si hivyo," yule mwanamke akasema.

"Nini si hivyo, dada?"

"Jina langu. Hilo silo. Hata halisomeki."

"Ni la orodha tu, dada. Kiti chako ni nambari 14, hukikosi."

Aliingiza mkono chini ya nyavu. Wengine nyuma yangu walianza kuguna. Mtoto mmoja alikuwa akilia kutaka soda. "Nipe kalamu," akasema. Kijana alimpa, akaligeuza daftari. Mwanamke akaufuta ule mstari, akaandika majina yake yote matatu, lake na la babake na la babu yake, kwa herufi kubwa zilizoachana. Mbele yake akaandika nambari ya simu, akasita, kisha chini yake akaandika nyingine. "Hiyo ni ya mamangu," akamwambia kijana, ambaye hakuwa ameuliza. Akazihesabu tarakimu kwa ncha ya kalamu, moja moja, mpaka kumi, ndipo akamrudishia daftari.